Nikaha kwanza au viza kwanza? Jibu kwa mama wa Langoni

Mama mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi. Nimeyafupisha maneno yake kidogo:

"Mwanangu yuko Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja huu, na uraia wa Marekani ameshapata. Nimemposea binti wa kakangu. Kakangu karidhia na binti karidhia. Huyu binti aliwahi kuolewa akaachwa, ana mtoto wa kike wa miaka minne. Mimi nataka nikaha isomwe mwezi huu huu: babake amuozeshe, mwanangu aweke wakili hapa, naye awe kwenye simu tu, tuondoe maneno ya watu. Mwanangu asema nisifanye jambo, yeye ataomba viza ya uchumba, binti aende, ndoa ifungwe huko huko, maana hiyo ndiyo ya haraka. Na jirani kaniambia binti aombe viza ya matembezi tu, wamalizane wakishaonana. Nimshike yupi?"

Mamangu, salamu zimefika. Barua nyingi zinazonijia hapa Malindi ni za watu na Waitaliano wao: mzee anataka kubaki Kenya, mkewe anauliza kibali gani. Yako imenijia kinyume, nami nimeifurahia, kwa sababu ndani yake umetaja mambo mawili kama mtu anayepita tu, na hayo mawili ndiyo yanayoamua kila kitu. Nitayafikia.

Jibu langu kwanza. Jirani usimshike kabisa. Wewe umepatia kwamba nikaha itangulie viza. Mwanao amepatia kwamba mwezi huu isisomwe. Akate tiketi, aje Lamu, nikaha isomwe yeye yupo, aingie nyumbani, fungate iishe. Akirudi Columbus aombe viza ya mke, si ya mchumba.

Raia wa Marekani anayetaka kumchukua mwanamke wa kwetu ana njia mbili zinazotembea. Moja ni viza ya mchumba, wenyewe huiita K-1. Masharti yake ni kwamba wawili wawe hawajaoana, wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya ombi, na binti akishaingia Marekani wafunge ndoa ndani ya siku 90. Njia nyingine ni viza ya mke, CR-1, ambayo haiombwi mpaka ndoa iwepo na cheti kipo mkononi. Iko na ya tatu kwenye vitabu, K-3, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2000 ili wake wasisubiri sana. Siku hizi ni kama haitoki, kwa sababu ombi la msingi la mke humalizika kabla yake nayo hufungwa. Mtu akikuuzia K-3, mwambie ahsante, uende zako.

Sasa hiyo nikaha ya simu. Katika dini, mume kuweka wakili wa kumkubalia nikaha si jambo geni, na sote tumekula pilau za nikaha za namna hiyo. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani ina mstari unaoigusa: ndoa ambayo wawili hawakuwapo pamoja ilipofungwa haihesabiwi kuwa ndoa, mpaka wakutane baada yake na wakae kama mume na mke. Neno la kushika hapo ni baada. Waliyokuwa nayo kabla ya nikaha hayasaidii, hata kama walikua nyumba moja.

Nilikaa na kijana mmoja hapa Malindi aliyelijua neno hilo kwa machungu. Alikuja likizo, akaposa, akarudi kazini kwake, nikaha ikasomwa nyuma yake kwa wakili, na wiki ile ile akatuma ombi. Zaidi ya mwaka ukapita. Jibu likaja: toa ushahidi kwamba ulionana na mkeo baada ya tarehe ya nikaha. Akaniwekea pasipoti yake mezani, akafungua ukurasa wenyewe kwa kidole, na muhuri wa uwanja wa ndege wa Mombasa ulikuwepo, umesomeka vizuri. Ulikuwa wa kutoka. Ulikuwa na tarehe ya siku kumi na moja kabla ya nikaha. Ombi likakataliwa. Hakuhitaji nikaha nyingine, maana nikaha yake ilikuwa sahihi. Alichohitaji ni kuja nyumbani, kukaa na mkewe, kisha kuanza upya, ombi jipya na ada mpya.

Huenda ukaniuliza: mbona hata nikaha zetu za kawaida bibi harusi haendi msikitini? Bwana harusi na walii wanapeana mikono huko, binti yuko ndani kwao, idhini yake imeshachukuliwa. Je, nayo wataiita ya wakili? Hapo hakuna haja ya kubishana na mtu, kwa sababu usiku ule ule au wa pili bwana harusi anaingia nyumbani. Kama kulikuwa na upungufu wowote kwa macho yao, umezibwa na fungate. Ndiyo maana nasema mwanao aje yeye, asije tu kwenye skrini ya simu.

Na kuna la pili katika hiyo nikaha ya simu, ambalo linamhusu mwanao na mpango wake. Kwa taratibu zao, binti aliyesomewa nikaha ya wakili na hajakaa na mumewe bado anaweza kuhesabiwa mchumba. Kwa hiyo mlango wa K-1 haujafungwa. Lakini siku mwanao atakapokuja likizo akaingia nyumbani, na nani atamzuia, ni mkewe, ameshakuwa mume kwa sheria zote mbili, na ombi la uchumba linakufa hapo hapo. Nimeona familia zikiingia katika shimo hilo bila kujua: ombi la uchumba liko njiani, kijana anakuja Maulidi, anakaa na mkewe wiki mbili, halafu binti anaulizwa kwenye mahojiano Nairobi, "Umeolewa?" Akisema ndiyo, viza hiyo si yake. Akisema hapana, amesema uongo mbele ya ofisa, na uongo huo humfungia Marekani maisha, isipokuwa apate msamaha maalumu.

Nakuja kwenye lile la kwanza ulilolitaja ukipita. Umesema ni binti wa kakako. Kwa mwanao basi ni binti wa mjomba. Kwetu hilo ndilo linalotia raha, damu imerudi nyumbani. Katika majimbo ya Marekani mambo hutofautiana. California na New York binamu wa kwanza wanaoana bila shida. Ohio, anakoishi mwanao, sheria hairuhusu ndoa ya watu wenye undugu wa karibu kuliko binamu wa pili. Maana yake ni hii: binti angefika Columbus kwa viza ya uchumba, siku 90 zinahesabiwa, wakaenda mahakamani kuchukua leseni ya ndoa, na pale kwenye fomu wakaapa kwamba wao si ndugu wa karibu. Wasingeweza kuapa. Ingebidi wapande basi au ndege kwenda jimbo jingine kuoana, hali ombi lao tangu mwanzo liliahidi kwamba hakuna kizuizi. Hilo linawezekana, sikatai, ila ni kujitafutia maswali.

Ndoa iliyofungwa halali mahali pengine ni habari nyingine. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kesi ya Mazzolini, binamu wawili waliooana Massachusetts ambako inaruhusiwa, ikasema ndoa ile inatambuliwa Ohio, kwa sababu ilikuwa halali ilikofungwa. Idara ya uhamiaji nayo huanza na swali hilo hilo: ilikofungwa, je, ni halali? Nikaha ya Lamu, mbele ya mtu mwenye idhini ya kuozesha, ikasajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, ni halali. Kwa mwanao wa Columbus, hili peke yake lilitosha kuamua. Angekuwa anaishi Los Angeles ningelipima zaidi.

Kuhusu haraka anayoisema. Zamani K-1 ilikuwa na sifa hiyo, na hata leo mara nyingine hutangulia kidogo. Lakini njia zote mbili mara nyingi huchukua mwaka na zaidi, na tofauti kubwa iko baada ya kufika. Anayeingia kwa viza ya mke anaingia akiwa mkaazi wa kudumu tangu anapopigiwa muhuri uwanja wa ndege. Kadi humfuata kwa posta. Anaweza kufanya kazi wiki ile ile na kusafiri. Anayeingia kwa viza ya mchumba anafunga ndoa, kisha anaanza ombi jingine kabisa la kubadilisha hali yake, na wakati linangojwa hafanyi kazi mpaka apewe idhini, na akitoka nchini bila kibali cha safari ombi lake limetupwa. Fikiria kakako apatwe na jambo katika miezi hiyo. Binti atalia Columbus, na mazishi hapa yatapita.

Pesa nazo zinasema hivyo hivyo. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, ombi la mke, fomu I-130, ni dola 625 likitumwa kwa mtandao. Viza yenyewe ni 325, kukaguliwa kwa karatasi za mdhamini ni 120, na ada ya kadi ni 235. Jumla ni 1,305. Njia ya uchumba: ombi 675, viza 265, kisha lile ombi la kubadilisha hali 1,440, jumla 2,380. Daktari, pasipoti na nauli za kwenda Nairobi ziko kote kote, sikuzitia.

Kadi ya kwanza ya binti itakuwa ya miaka miwili ikiwa siku anayoingia ndoa haijatimiza miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho wa kadi hiyo, mume na mke wanaomba pamoja iondolewe masharti. Watu wengi huisahau tarehe hiyo wakiwa wamezoea maisha, kwa hiyo mwanao aiandike ukutani. Uraia, akiutaka, mke wa raia huweza kuuomba baada ya miaka mitatu ya ukaazi, wakiwa bado wanaishi pamoja.

Jirani na viza yake ya matembezi. Ofisa wa ubalozi kule Gigiri anaanza kwa kumchukulia kila mwombaji wa matembezi kuwa anataka kuhamia, na ni kazi ya mwombaji kumthibitishia kwamba atarudi. Binti mwenye mchumba au mume raia wa Marekani atamthibitishia vipi? Akificha, tumerudi kwenye uongo na kufungiwa. Akisema kweli, atanyimwa. Mimi nimechoka kusikia ushauri huu barazani, na wanaoutoa si wao watakaosimama dirishani.

Sasa lile la pili ulilolipitia: binti aliachwa. Hapa ndipo ningetaka uanze kazi kesho asubuhi, kabla ya mwanao hajagusa tiketi. Aliachwa vipi? Kwa karatasi ya kadhi, au kwa mdomo mbele ya wazee wawili na kila mtu akaenda zake? Kama ni kwa mdomo, talaka imepita na eda imeisha, hakuna anayelikana. Lakini faili la viza halisikii mdomo. Litataka cheti cha talaka, na litalinganisha tarehe: talaka lini, nikaha mpya lini. Watu huenda kuchukua cheti baada ya harusi ya pili, kwa sababu ndipo wanapoambiwa kinatakiwa, na kama kikaandikwa tarehe ya siku waliyokwenda, kwenye karatasi mwanamke anaonekana aliolewa na mume wa pili akiwa bado ana wa kwanza. Nendeni mahakama ya kadhi hapo Lamu, mumewe wa zamani awepo au mashahidi wawepo, talaka isajiliwe, na kwenye cheti isomeke tarehe talaka ilipotoka. Kisomeni kabla ya kutoka mlangoni. Mwanao naye, kama aliwahi kuoa huko, hata ndoa ya mwezi mmoja, cheti chake cha kuvunjika kinahitajika vile vile. Kina mama huwa hawaambiwi haya, muulize.

Kibinti cha miaka minne. Hapa nakiri njia ya uchumba ina uzuri wake: mtoto hupanda mgongoni mwa ombi la mama. Kwenye njia ya mke hapandi. Mwanao atamwombea peke yake kama mtoto wa kambo, I-130 ya pili na dola 625 nyingine, na akisahau, mama atapata viza na mtoto atabaki kwa bibi. Sheria inamkubali mtoto wa kambo ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18, kwa hiyo mna nafasi tele. Hata mtoto akiongezwa, hesabu ya njia ya mke bado iko chini. Jambo gumu si fomu, ni babake mtoto. Yuko Lamu? Anatoa matumizi? Mtafuteni kwa wema siku hiyo hiyo ya talaka, aandike idhini yake kwamba mtoto aende na mamake. Baba aliyeshirikishwa mapema hutia sahihi na kikombe cha kahawa. Aliyesikia sokoni kwamba mtoto anapelekwa Marekani huwa mtu mwingine.

Mapato ya mwanao hukuniambia. Atatia sahihi ya udhamini, na kipato chake kisipungue asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao. Kwa nyumba ya watu watatu, yeye, mke na mtoto, mwaka 2025 ilikuwa dola 33,312 kwa mwaka. Kiasi hicho hupanda kidogo kila mwaka. Zikipungua, mtu mwingine mkaazi au raia anayeishi huko anaweza kudhamini pamoja naye, lakini huyo anajifunga kweli kweli, hata ndoa ikivunjika. Asiombwe rafiki kwa utani.

Halafu kuna ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, na hapa harusi zetu zinatuponza. Usiku wa kupamba simu zinakusanywa mlangoni, na ni haki yenu. Nikaha ni ya wanaume. Mwisho bwana harusi na bibi harusi hawana picha hata moja ya pamoja yenye mtu mzima pembeni, na ofisa anayeangalia faili hajui kupamba ni nini, anachoona ni harusi isiyo na picha. Msivunje heshima ya mtu. Siku ya tatu ya fungate, binti na baibui lake, kaeni sebuleni: wewe, kakako, mkewe, maharusi katikati, mtoto mapajani mwa mwanao. Mwingine awapige picha gatini wakisubiri mashua ya kwenda Manda, siku ya kumsindikiza uwanjani. Kipande cha tiketi kisitupwe. Stakabadhi za pesa anazomtumia binti, ziwe kwa jina la binti, si kwa jina lako mama, ingawa najua umezoea zipite kwako.

Na majina. Kitambulisho cha binti, cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha talaka na cheti kipya cha ndoa vyote viandike jina moja, herufi kwa herufi. Mwanaisha hapa na Aisha pale ni miezi mitatu ya kuandikiana barua. Kama cheti cha kuzaliwa hana, kiombwe sasa. Cheti cha tabia njema cha polisi kisubiri mpaka mahojiano yakaribie, kisije kikapitwa na wakati.

Maneno ya watu umeyataja, nami siyadharau, nimezaliwa pwani hii. Waambie posa imepokewa na mahari yamekubaliwa, nikaha inangoja bwana harusi ashuke. Hilo hakuna wa kulilaumu Langoni. Mwanao mwambie asijaze fomu yoyote ya uchumba, na kama ameshaituma, anijulishe kabla hajaja. Nawe asubuhi mchukue kakako mwende kwa kadhi. Cheti cha talaka kikitoka, na tarehe zake zimekaa sawa, hapo ndipo tiketi inunuliwe.